Mwongozo kamili: kuandaa pendekezo la kubadili msimu na idadi ya bata pori wa kuwindwa katika kanda ya kati

Kiangazi kinapokolea, maji ya Ziwa Sulunga kule Bahi mkoani Dodoma hurudi nyuma, madimbwi ya kandokando ya mashamba ya mpunga hukauka, na bata pori waliokuwa wametawanyika kote huko hujikusanya kwenye maji machache yaliyobaki. Anayepita Hombolo au Mtera katika mwezi wa Septemba huona kundi kubwa likielea mbele yake, akaamini kwamba bata wameongezeka na kwamba kuongeza idadi ya kuwinda hakutadhuru kitu. Kundi hilo kwa kweli linamweleza habari za maji tu. Ndege ni wale wale wa mwezi wa Mei, ila sasa wamebanwa mahali pamoja, na mwindaji mmoja mwenye shabaha ya kawaida anaweza kuwamaliza kwa urahisi ambao asingeupata wakati wa masika.

Mwongozo huu unawalenga maafisa wanyamapori wa wilaya, kamati za maliasili za vijiji, wawindaji wenye leseni na wanafunzi wa wanyamapori wanaotakiwa, au wanaokusudia, kupendekeza mabadiliko ya msimu au ya idadi ya bata wanaoruhusiwa kuwindwa. Mabadiliko yanayozungumzwa humu ni ya pande zote mbili, yaani kuongeza na kupunguza, ingawa kwa hali ya mvua za kanda yetu mara nyingi pendekezo la busara litakuwa la kupunguza, au la kusogeza tarehe.

Hatua ya kwanza: fahamu nani ana mamlaka

Wanyamapori wote nchini, bata wakiwamo, ni mali ya umma. Uwindaji unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zinazotungwa na Waziri mwenye dhamana na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Leseni hutaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda, na mwenye leseni hana ruhusa ya kuvuka hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo mkutano wa kijiji, baraza la madiwani au kikundi cha wawindaji hakiwezi kufungua msimu wala kubadili idadi kwa azimio lake. Kinachoweza kufanyika ni kuandaa pendekezo lenye takwimu na kulipitisha kwa afisa wanyamapori wa wilaya ili lifike Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, na Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo kwa bahati nzuri makao yake makuu yapo hapa hapa Mtumba, Dodoma.

Nasisitiza jambo hili mapema kwa sababu makosa ya wanyamapori yanaweza kushtakiwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na mzoga wa bata bila leseni hataokolewa na maelezo kwamba mwenyekiti wa kijiji aliruhusu.

Malalamiko ya wakulima yatenganishwe na pendekezo la msimu tangu mwanzo. Ni kweli kwamba bata miluzi na bata bukini mkubwa mwenye mwiba kwenye bawa hula mpunga, na mkulima wa Bahi anayeamka akakuta jaruba limevurugwa ana haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, uharibifu wa mazao una utaratibu wake wa kutolewa taarifa na kushughulikiwa, na hauonyeshi kama bata ni wengi au wachache katika kanda nzima. Kundi la ndege hamsini linaweza kumtia hasara mkulima mmoja ilhali idadi yao kwa jumla inashuka.

Hatua ya pili: chora ramani ya maji yote

Usihesabu bwawa moja ukalifanya kuwa dunia nzima. Bata wa kanda ya kati wanaruka kutoka maji hadi maji kulingana na mvua, na umbali wa kilomita mia moja kwao ni safari ya usiku mmoja. Orodhesha kila eneo lenye maji ambalo kikosi chako kinaweza kulifikia: Hombolo, Sulunga na bwawa lote la Bahi, Mtera iliyo mpakani mwa Dodoma na Iringa, maziwa ya Singida na Kindai, Kitangiri, mbuga ya maji ya Wembere, na malambo ya mifugo ambayo watu huyapuuza kwa sababu ni madogo. Malambo kumi madogo, kila moja likiwa na bata ishirini, yana bata mia mbili ambao hawatamo katika taarifa yako usipofika huko.

Katika ramani hiyo weka alama mahali ambapo uwindaji hauruhusiwi kabisa au una masharti mengine, kama vile hifadhi za taifa na mapori ya akiba, ambayo kwetu ni pamoja na Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi na Kizigo. Weka alama pia mahali penye makazi. Mabwawa ya majitaka ya Swaswa, kwa mfano, yana ndege maji wengi na ni darasa zuri la kufundishia wahesabuji wapya, mradi mtu avumilie harufu. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayependekeza kufyatua bunduki pale katikati ya mji.

Hatua ya tatu: hesabu, na hesabu kwa namna inayoweza kurudiwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Namba moja iliyopatikana kwa bahati haina thamani. Namba inayopatikana kwa njia ile ile, mahali pale pale, wakati ule ule, mwaka baada ya mwaka, ndiyo inayoweza kubeba uamuzi.

Chagua angalau nyakati mbili za mwaka. Ya kwanza iwe katikati ya Januari, kwa sababu ndipo inapofanyika Sensa ya Kimataifa ya Ndege Maji iliyoanza mwaka 1967 na kuratibiwa na Wetlands International, na takwimu zenu zitaweza kulinganishwa na za nchi nyingine zilizo kwenye njia moja ya wahamaji. Wakati huo bata wa Ulaya na Asia, hasa yule mdogo anayeitwa garganey, wapo kwetu. Upungufu wa Januari ni kwamba mvua za Dodoma zimekwisha kuanza, maji yametapakaa na ndege wametawanyika. Ya pili, kwa hiyo, iwe Septemba, maji yakiwa yamebaki machache na karibu ndege wote wa kanda wakiwa wamekusanyika mahali panapofikika. Usilinganishe kamwe Januari na Septemba. Linganisha Septemba ya mwaka huu na Septemba ya mwaka jana, na uandike kina au upana wa maji kila mara ili msomaji ajue kama mabadiliko ya ndege yamefuatana na mabadiliko ya maji.

Maeneo yote yahesabiwe siku moja, au ikishindikana kabisa, ndani ya siku mbili zinazofuatana. Bata waliohesabiwa Hombolo Jumatatu wanaweza kuwa ndio wale wale watakaohesabiwa Mtera Ijumaa, na ukizijumlisha namba hizo mbili utakuwa umezalisha bata wa kwenye karatasi. Ikiwa watu hawatoshi, ni heri kuhesabu maeneo matatu kwa siku moja kuliko maeneo manane kwa wiki mbili.

Kabla ya siku yenyewe, mwone afisa wanyamapori wa wilaya na watendaji wa vijiji husika, kisha zungumza na wavuvi. Wavuvi wanajua ndege wanalala wapi, matope yanaanzia wapi na viboko na mamba wapo upande gani, na kwa Mtera habari hiyo ya mwisho si ya kupuuzwa. Vaa gambuti ndefu, usioge wala kutembea pekupeku kwenye maji yaliyotuama kwa ajili ya kichocho, na usiingie kwa mtumbwi palipo na viboko hata kama kundi zuri zaidi limejificha nyuma ya matete.

Anza mara tu kunapopambazuka vya kutosha kutofautisha rangi, na umalize kabla ya saa 4 asubuhi. Baada ya hapo joto hufanya picha katika darubini icheze, na miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma huinua mawimbi yanayowaficha ndege wadogo. Simama upande wa mashariki wa maji ili jua liwe mgongoni kwako. Ukisimama magharibi asubuhi utaona vivuli vyeusi tu, na vivuli havina aina. Gawa ukingo wa bwawa katika vipande vyenye mipaka isiyohama, kama vile mti mkubwa, mdomo wa mto au nyumba ya pampu, na kila kipande kiwe na mhesabuji na mwandishi wake. Mhesabuji hatoi jicho kwenye darubini. Anatamka, mwandishi anaandika.

Kundi dogo la chini ya ndege mia moja lihesabiwe mmoja mmoja. Kundi kubwa lihesabiwe kwa mafungu: hesabu ndege kumi kwa uhakika, tazama wanachukua nafasi gani ndani ya darubini, kisha sogeza nafasi hiyo kundini kama kibaba kinavyopima nafaka, ukikumbuka kwamba katikati ya kundi ndege hubanana zaidi kuliko pembeni. Kwa kundi la maelfu, pima kwa fungu la mia. Njia rahisi ya kuepuka kusahau mafungu ni kuhamisha kokoto kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kokoto moja kwa kila fungu. Piga pia picha kwa simu kundi likiwa limetulia. Baadaye picha hiyo ikuzwe na kuhesabiwa nukta kwa nukta, nawe utagundua kama makadirio yako huwa yanapungua au yanazidi. Watu wengi hupunguza wanapokutana na kundi kubwa.

Watu wawili wahesabu kila kipande bila kuambiana. Namba zao zikitofautiana kwa zaidi ya moja ya tano, warudie. Zikitofautiana kwa chini ya hapo, chukua iliyo ndogo kwa ajili ya pendekezo la uwindaji, na zote mbili zibaki kwenye fomu. Kundi likirushwa na tai au na mtu katikati ya kazi, andika saa, upande lilikoelekea na makadirio yake, ili mwenzako wa kipande cha jirani asilihesabu upya.

Kila fomu iwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, majina ya wahesabuji, hali ya upepo, hali ya maji, na idadi ya kila aina. Penye sifuri paandikwe sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi haimwambii mtu kama ndege hawakuwapo au hawakutafutwa.

Hatua ya nne: tenganisha aina

Pendekezo linalosema tu «bata 1,200» lirudishwe lilikotoka. Leseni hutolewa kwa aina, na aina hazilingani katika wingi wala katika kasi ya kuzaana.

Bata miluzi wenye uso mweupe hutambulika kwa sauti kabla ya sura, kwa kuwa hupiga mluzi wa vipande vitatu wakiruka, hata usiku. Bata bukini wa Misri ana baka la kahawia kuzunguka jicho na baka jeupe kubwa juu ya bawa linaloonekana wazi akiruka. Bata bukini mwenye mwiba ni mweusi mwenye mng'ao na tumbo jeupe, mkubwa kuliko bata wote wa kwetu, na mwiba wake wa kwenye kiungo cha bawa unaweza kumchana mtu anayemshika ovyo. Bata mwenye nundu hutambulika kirahisi ikiwa ni dume, kwa ile nundu juu ya mdomo. Jike ni mdogo zaidi na hana.

Kazi ngumu iko kwa bata wadogo. Kuna wawili ambao wote wana utosi mweusi na mashavu meupe-meupe: mmoja ana mdomo mwekundu, mwingine, aliye mdogo zaidi, ana mdomo wa buluu. Wakiwa wametulia na jua likiwa mgongoni kwako hakuna shida. Wakiruka, mtazame nyuma ya bawa: mwenye mdomo mwekundu ana sehemu pana ya rangi ya maziwa, ilhali mwenye mdomo wa buluu ana mng'ao wa kijani wenye ukingo mweupe. Juu ya hao anaingia garganey, mgeni anayefika kuanzia Oktoba na kuondoka kufikia Aprili. Dume wake anajulikana kwa mstari mweupe mpana juu ya jicho, lakini wengi hawavai manyoya hayo mpaka Januari au Februari, na kabla ya hapo dume na jike ni wa kahawia tu.

Jambo hili lina uzito wa moja kwa moja katika kupanga msimu. Ukiruhusu kuwinda bata mwenye mdomo mwekundu katika mwezi wa Novemba, umeruhusu pia garganey apigwe kwa makosa, kwa sababu hakuna mwindaji anayeweza kuapa ni yupi aliyemwona kwa sekunde mbili dhidi ya anga ya alfajiri. Pale aina mbili zisipotofautishika zikiwa hewani, kikomo kipangwe kwa kufuata ile iliyo chache, au msimu usogezwe mpaka wakati ambao mgeni hayupo. Vivyo hivyo kwa kibisi na kukuziwa, ambao huelea kama bata na kupigwa kama bata ilhali si bata.

Hatua ya tano: tambua wakati wa kuzaa na wakati wa kutoruka

Bata wengi wa kanda ya kati huzaa kwa kufuata mvua, kwa hiyo vifaranga huonekana kuanzia katikati ya masika hadi miezi ya mwanzo ya ukame, na mwaka wa mvua zilizochelewa, nao huchelewa. Katika kila safari ya kuhesabu, andika viota, majike yenye vifaranga, na ukubwa wa vifaranga hao. Vifaranga wenye manyoya laini tu katika wiki ambayo msimu unapendekezwa kufunguliwa ni sababu tosha ya kuusogeza.

Wakati wa pili wa hatari haujulikani sana. Baada ya kuzaa, bata walio wengi hupukutisha manyoya yote makuu ya mabawa kwa mkupuo mmoja, wakakaa wiki kadhaa bila uwezo wa kuruka. Huonekana wakikimbia juu ya maji wakipiga mabawa mafupi yasiyowainua, na ufukweni hukutwa manyoya marefu mengi. Uwindaji katika wiki hizo ni kuokota tu, na mtu yeyote mwenye mtumbwi na fimbo anaweza kufuta kundi zima. Waulize wavuvi ni mwezi gani huona manyoya hayo, kisha thibitisha mwenyewe kabla ya kuandika.

Hatua ya sita: piga hesabu ya wanaoweza kuvunwa

Zipo njia nyingi za kitaalamu, na nyingine zinahitaji takwimu za miaka mingi ambazo hatuna. Iliyo rahisi na yenye tahadhari ni hii: chukua idadi ya chini ya ndege, izidishe kwa nusu ya kasi ya juu kabisa ambayo aina hiyo inaweza kuongezeka kwa mwaka, kisha zidisha kwa kipimo cha tahadhari kilicho kati ya 0.1 na 1. Kadiri habari zako zilivyo chache, ndivyo kipimo hicho kinavyopaswa kuwa kidogo.

Tufanye mfano wa kubuni. Tuseme Septemba za miaka mitatu mfululizo mmehesabu bata miluzi 910, 640 na 780 katika maji yote kwa siku moja. Wastani unavutia, lakini chukua 640. Tuchukulie kwamba kasi ya juu ya ongezeko ni 0.3 kwa mwaka. Nusu yake ni 0.15. Kwa kuwa miaka mitatu ni michache, weka tahadhari ya 0.3. Jawabu ni 640 × 0.15 × 0.3, yaani 28.8, nasi tunashusha hadi ndege 28 kwa mwaka mzima, kwa kanda nzima.

Hao 28 ni vifo vyote, si wale wanaofika jikoni. Marisau, yaani vipunje vinavyotoka kwenye shotigani, hutawanyika, na ndege aliyejeruhiwa akaangukia kwenye matete mara nyingi hapatikani. Tukikadiria kwamba kwa kila wanne wanaookotwa mmoja hupotea, basi wanaoweza kuandikwa kwenye leseni ni 22. Wakiwapo wawindaji sita, kila mmoja apewe watatu kwa msimu, jumla 18, na wanne waliosalia wabaki kuwa akiba ya makosa.

Sasa linganisha na pendekezo ambalo mtu angelitoa kwa macho tu: «Bata wawili kwa siku si wengi.» Wawindaji sita, bata wawili kila siku, siku kumi za kuwinda, hao ni bata 120, zaidi ya mara tano ya wale 22. Ndiyo maana kikomo cha siku peke yake hakilindi kitu. Kila pendekezo liwe na kikomo cha siku, kikomo cha msimu kwa kila leseni, na jumla ya eneo ambayo ikifikiwa msimu unafungwa hata kama tarehe haijafika. Ongeza pia kikomo cha ndege ambao mtu anaweza kuwa nao kwa wakati mmoja, nyumbani au kwenye gari, kwani bila hicho kila aliyekamatwa na mzigo atasema ni wa siku tano zilizopita.

Hatua ya saba: chagua aina ya mabadiliko

Si lazima kila tatizo litatuliwe kwa kupunguza namba. Unaweza kusogeza tarehe ya kufungua, kufupisha msimu, kuiondoa aina moja na kuziacha nyingine, kulifunga bwawa moja ili liwe kimbilio, au kuzuia uwindaji wa jioni ambapo ndege wanarudi kulala. Kwa maoni yangu kimbilio ndilo linalosahauliwa zaidi na ndilo linalofaa zaidi kwetu, kwa sababu katika kiangazi bata akifukuzwa kwenye maji ya mwisho hana pengine pa kwenda.

Ni vizuri kuona wengine wanavyofanya, ukikumbuka kwamba mazingira hayafanani. Nchini Marekani, bata huhesabiwa kwa ndege za angani kwenye maeneo yao ya kuzalia kila mwezi wa Mei tangu mwaka 1955, isipokuwa mwaka 2020 na 2021, shirika la taifa hupanga mipaka ya juu, na kila jimbo huchagua tarehe na idadi ndani ya mipaka hiyo. Tangu mwaka 1995 uamuzi kuhusu bata aina ya mallard umefuata kanuni zilizokubaliwa kabla, ili hesabu ya mwaka ndiyo iamue msimu badala ya kelele za wadau. Kwa bata anayeitwa pintail, kikomo kilikuwa ndege mmoja kwa siku katika miaka kadhaa, kikapandishwa hadi watatu kwa msimu wa 2025–2026 baada ya wataalamu kupitia upya uelewa wao kuhusu athari za uwindaji kwa aina hiyo. Ndege ambao mwindaji anaweza kuwa nao kwa jumla ni mara tatu ya kikomo cha siku tangu mwaka 2013.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Australia, nchi ambayo maji yake ya bara hujaa na kukauka bila ratiba. Upande wake wa mashariki umehesabiwa kwa ndege za angani kila mwaka tangu 1983, na jimbo la Victoria hupitia upya msimu wa bata kila mwaka kwa kutazama idadi ya ndege na hali ya maji. Kikomo cha kawaida cha bata 10 kwa siku kilishushwa hadi 4 mwaka 2023, kisha kikawa 6 mwaka 2024. Majimbo mengine ya nchi hiyo, Australia Magharibi likiwa la kwanza mwaka 1990, yamepiga marufuku uwindaji wa bata wa burudani moja kwa moja. La kuiga hapo ni utaratibu wa kutazama maji kwanza, ndipo kalenda ifuate.

Pendekezo lolote liseme pia kuhusu marisau. Bata humeza changarawe za kusagia chakula, na marisau ya madini ya risasi yaliyozama kwenye tope humezwa pamoja nazo na kumtia sumu ndege ambaye hakuna aliyemlenga. Marekani ilipiga marufuku marisau hayo kwa uwindaji wa ndege maji mwaka 1991, Umoja wa Ulaya ukafuata katika ardhi oevu zake mwaka 2023, na mkataba wa AEWA wa kuhifadhi ndege maji wahamao, ambao Tanzania ni mwanachama, unazitaka nchi ziyaondoe. Shotigani nyingi zinaweza kutumia marisau ya chuma, ila mwenye bunduki ya zamani amwone fundi kwanza kabla ya kujaribu.

Hatua ya nane: andika, peleka, tangaza, fuatilia

Pendekezo lisizidi kurasa nne, bila kuhesabu viambatisho. Ukurasa wa kwanza utaje mabadiliko yanayoombwa kwa sentensi zinazoweza kunakiliwa katika kanuni: aina, eneo, tarehe ya kufungua na kufunga, kikomo cha siku, cha msimu na cha jumla. Kurasa zinazofuata zitoe hesabu za kila mwaka kwa kila aina, ramani, maelezo ya namna zilivyopatikana, na hatua za kukokotoa kama zilivyoonyeshwa hapo juu, ili mtaalamu wa TAWA au wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania aweze kuzirudia mwenyewe. Fomu halisi ziambatishwe, zikiwa na matope yake. Peleka kupitia kwa afisa wanyamapori wa wilaya mapema, miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa kuwa kanuni hazibadilishwi kwa wiki mbili.

Mpaka tangazo rasmi litakapotoka, masharti ya zamani ndiyo sheria. Likitoka, libandikwe kwenye ofisi za watendaji wa kata na vijiji vinavyozunguka maji, lisomwe kwenye mikutano, na kila mwenye leseni apewe nakala yenye picha za aina zinazoruhusiwa na zinazofanana nazo zisizoruhusiwa. Eleza tarehe ya kuanza kutumika kwa herufi kubwa. Leseni iliyotolewa kabla ya mabadiliko ihakikiwe na mtoaji wake. Mwenye nayo asijitafsirie.

Kila mwindaji ajaze, siku hiyo hiyo, aina na idadi ya ndege aliowaokota, aliowapiga bila kuwapata, na mahali. Kadi zikusanywe kila wiki wakati wa msimu, kwa sababu jumla ya eneo haiwezi kufuatwa kwa kadi zinazorudishwa mwisho wa mwaka. Teua pia kipimo kimoja cha maji kwa kila bwawa, kwa mfano nguzo iliyopigwa alama au jiwe linalojulikana na wavuvi wote, na pendekezo liombe kwamba maji yakishuka chini ya alama hiyo afisa mwenye mamlaka aweze kusimamisha uwindaji hapo mara moja. Jina la anayesoma alama hiyo, na la anayepigiwa simu akiikuta imeachwa wazi, yawemo kwenye kiambatisho cha mwisho.